Msitu upo ila boriti hakuna

Ramani ya kwanza niliyoitengeneza mwenyewe mwanzo mwisho niliiprinti A3, ya rangi, karatasi ile ya kung'aa, hela yangu ya chakula cha siku mbili ikaishia stationery pale karibu na geti la chuo, afu nikaikunja taratibu nikaiweka kwenye folda nikapanda nayo basi la Kibiti. Ilikuwa ramani ya mikoko ya delta ya Rufiji upande wa kaskazini. Kijani ni mikoko, njano mashamba, bluu maji, na nyekundu ni sehemu ambazo mikoko ilikuwepo kwenye picha ya zamani ya setilaiti ila kwenye picha mpya haipo. Supavaiza alishaiona akasema usahihi umekaa vizuri, kwa hiyo mimi moyoni nilikuwa nimeshamaliza, fildi naenda kutimiza wajibu tu, nipigwe picha mbili tatu nimesimama kwenye tope na buti zangu nirudi zangu Dar.

Kwa wasiopajua, delta ya Rufiji ndo yenye mikoko mingi kuliko sehemu nyingine yoyote Tanzania bara, takriban hekta 50,000, na watu hawaishi pembeni ya huo msitu bali ndani yake kabisa, visiwani humo kwenye mikono ya mto. Unafika Nyamisati, pale pale watu wanapopandia boti za kisiwa cha Mafia, hapo ndo barabara na mambo yake vinaishia na unaanza maisha ya maji.

Nahodha niliyempata ni mzee, jina lake silitaji, humu nitamwita Mzee tu. Nikamsalimia shikamoo, marahaba binti yangu, nikamfungulia ramani kwa mbwembwe zote. Akaichukua, akaigeuza. Nikadhani anaishika juu chini, kumbe anailaza ifuate mto ulivyokaa mbele yetu, bahari iwe upande wa bahari. Akaiangalia kimya muda mrefu mpaka nikaanza kujisifu kichwani, afu akaweka kidole katikati ya kijani changu kilichokolea.

"Hapa umeandika nini?"

"Mikoko, mzee."

"Hapa ni mpunga wa shemeji yangu."

Vijana waliokuwa wanapakia magunia wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Tulikwenda kuangalia na kweli bana, mpunga umesimama kifuani, kijani ya kuumiza macho, na katikati yake visiki vyeusi vya mikoko iliyokatwa na kuchomwa miaka iliyopita. Mimi nimeshaandika kwenye ripoti kwamba pale pana msitu mzito wenye afya njema.

Sasa ngoja nieleze kosa langu lilitoka wapi, maana watu wengi wanaoanza hizi kazi wanaanguka shimo hilo hilo. Setilaiti haipigi picha kama simu yako. Inapima mwanga unaorudi kutoka ardhini kwa vipande vipande, bluu, kijani, nyekundu, na pia infraredi ambayo jicho letu halioni. Jani bichi linanyonya sana mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, afu hiyo infraredi ya karibu linairudisha kwa wingi, kwa hiyo ukichukua infraredi ukatoa nyekundu, ukagawanya kwa jumla ya hizo mbili, unapata namba inaitwa NDVI, ikikaribia moja maana yake pana majani mengi mabichi. Rahisi, tamu, mtoto wa form four anaweza kuikokotoa. Ila namba hiyo inakwambia pana ubichi, haikwambii ubichi wa nini. Mpunga wa mwezi wa nne na mkoko wenye umri wa bibi yako unaweza ukasoma namba ile ile, na mimi kwa kila mwaka nilichagua picha moja tu, ya siku moja, eti kwa sababu haikuwa na mawingu.

Tiba yake ni kuacha kuangalia siku moja ukaangalia mwaka mzima. Mkoko hauchekeshwi na msimu, kijani yake Januari ndo hiyo hiyo ya Agosti, wakati mpunga unapanda unashuka, unaanza kama maji na tope, unakuja kijani, unakuwa dhahabu, unavunwa, pale pale panabaki mabua. Ukichora huo mstari wa miezi 12 kwa kila pikseli, yaani kile kijimraba kimoja cha picha, mkulima anajitokeza mwenyewe. Na hii siku hizi haihitaji uwe na kompyuta ya maana, Google Earth Engine inakokotoa huko huko kwenye mashine zao, wewe unatuma skripti tu, mimi nimefanya kwa bando la simu na laptopu ambayo kitufe cha herufi A kilishang'oka.

Picha zenyewe ni bure. Landsat, setilaiti ya Wamarekani, inapiga tangu 1972, na tangu 2008 wameachia stoo yote mtu yeyote achukue, kabla ya hapo picha moja ilikuwa inauzwa hela ambayo idara nzima ingechangishana. Pikseli yake siku hizi ni mita 30 kwa 30. Wazungu wa Ulaya nao wana Sentinel-2, ya kwanza ilirushwa 2015 na mwenzake 2017, pikseli mita 10, na kwa pamoja zinapita juu yako kila siku 5. Piga hesabu: shamba la ekari moja kwenye Landsat ni pikseli nne na kitu, yaani doa, kwenye Sentinel-2 ni kama 40, unaona mpaka kona zake. Usije tu ukachukua Landsat 7 za baada ya katikati ya 2003 bila kujua, kifaa chake kimoja kiliharibika huko huko angani, picha zina mistari mitupu kama pundamilia, nilikesha usiku mmoja nikidhani skripti yangu ndo imeoza.

Turudi kwenye mtumbwi, maana kichekesho cha pili ndo kilichonifunza zaidi.

Kwenye ramani kulikuwa na doa moja kubwa jekundu upande wa bahari, mdomoni mwa mkondo mmoja. Nyekundu yaani mikoko imepotea. Nikamwambia Mzee twende pale nikapige picha uharibifu. Akaangalia juu, akaangalia maji, akasema leo bamvua, maji yatatukimbia. Mimi nikaona kwenye karatasi ni sentimita mbili tu toka tulipo, nikasema mzee twende fasta turudi. Hakubishana. Wazee wa pwani hawabishani na wewe, wanakuacha ujue. Saa tatu na kitu asubuhi boti ikagusa tope, dakika kumi baadaye ilikuwa imekaa juu ya tope kama kuku anayeatamia, na maji yapo huko mbali yanameremeta. Mzee akatoa muhogo wa kuchemsha kwenye kimfuko, akanikatia nusu, akasema haya tusubiri saa saba.

Tumekaa hapo masaa manne. Na sehemu tuliyokwama ilikuwa ndani ya doa langu jekundu, ila mbele yangu sioni uharibifu wowote, naona miche ya mlilana, moja ya aina za mikoko, mingi, mifupi mifupi inayofika magotini, mingine kiunoni, imejipanga kwenye tope jipya mpaka kule maji yalipo. Hakuna mtu anayekata kitu pale. Pale msitu unazaliwa.

Nikatoa simu nikaanza kuangalia tarehe za picha zangu. Mzee akauliza, hicho chombo chenu kinapita saa ngapi? Swali hilo sikuwahi kuulizwa darasani. Nikamwambia kinapita kila mara muda ule ule, saa nne na nusu hivi mpaka saa tano kasorobo asubuhi, kimepangwa hivyo ili jua liwe pembe ile ile. Akacheka kwa pua. Akasema basi siku za bamvua kinakuta maji yamepwa, siku za maji mafu kinakuta yamejaa.

Jamani. Nilibaki nimeshika muhogo. Kwenye pwani yetu hii bamvua, yaani mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanajaa alfajiri na jioni saa kumi kumi hivi, kwa hiyo kupwa kunaangukia saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, saa hizo hizo za saa nne asubuhi maji yamejaa, japo hayajai sana wala hayapwi sana ndo maana yanaitwa mafu. Kila mvuvi anajua hilo, watoto wanaookota kaa wanajua hilo. Setilaiti inapita saa ile ile, bahari inabadilisha saa zake kwa kufuata mwezi. Picha yangu ya zamani ilipigwa siku ya bamvua, miche yote imeanikwa juani kwenye tope, kompyuta ikaona kijani. Picha mpya ilipigwa mwezi nusu, miche imefunikwa na maji, kompyuta ikaona bahari. Ikatoa moja kwa nyingine ikapaka nyekundu, mimi nikaandika "upotevu".

Tangu siku hiyo kabla sijapakua picha yoyote ya ukanda wa pwani nafungua kwanza jedwali la maji kupwa na kujaa, napanga picha zangu kwa bamvua na bamvua, maji mafu na maji mafu, silinganishi chungwa na ndizi. Kuna maandiko ya wataalamu yanayoeleza hili kwa lugha ya kupendeza, nilikuja kuyasoma baadaye. Mimi nililipata juu ya tope na muhogo.

Ila msidhani nasema setilaiti haina kazi. Bila picha za miaka ya nyuma hakuna mtu angeweza kuonyesha jinsi mashamba ya mpunga yalivyozidi kuingia kwenye mikoko ya kaskazini mwa delta, na hii nayo ina sababu yake, mto wenyewe ulihamisha maji yake mengi kuja mikondo ya kaskazini kwenye miaka ya 70, maji baridi yakaja huku, na mpunga unataka maji baridi. Wazee wanaikumbuka. Mtu akisema "wanakata mikoko kwa ujinga" huwa namwomba akae siku moja na mama anayelima pale, chumvi ikipungua kwenye udongo hicho ni chakula, afu bado apambane na kaa wanaokata miche usiku na magugu yanayozidi kila mwaka mpaka shamba linachoka anasogea mbele. Na mto unaendelea kubadilika, huko juu bwawa la Nyerere lilianza kufua umeme Februari 2024, na bwawa lolote linabakiza mchanga na tope nyuma yake, tope ambalo ndo linajenga hizo kingo ambako mlilana unaota. Itakuwaje huku chini? Hapo ndo stoo ya picha za kuanzia 1972 inakuwa mali, maana utakuwa na "kabla" ya kulinganisha na "baada".

Na mafuriko ya Aprili 2024 Rufiji na Kibiti, picha za kawaida zilikuwa pamba tupu, masika mawingu hayaachii. Hapo unahamia kwenye rada, Sentinel-1, yenyewe inatuma mawimbi yake na kusikiliza yanavyorudi, wingu si tatizo, usiku si tatizo. Maji yaliyotulia yanarusha mawimbi pembeni kama kioo kwa hiyo panaonekana peusi, unaweka picha ya kabla na ya baada unaona weusi umetambaa mpaka wapi. Nilikaa nayo usiku mzima namtumia shangazi yangu mmoja wa huko picha kwa WhatsApp, yeye ananijibu kwa voice note "hapo ulipoonyesha pakavu sisi maji kiunoni". Alikuwa sahihi. Maji yakiwa chini ya miti, mawimbi yanagonga maji yanagonga shina yanarudi kwa nguvu, panaweza kuonekana peupe kuliko hata siku ya kawaida, na mtu asiyejua anasema hapajafurika. Basi nikaanza kuweka alama za shangazi kwenye ramani yangu, nyumba kwa nyumba, minazi kwa minazi.

Kingine ambacho pikseli haikioni kabisa ni boriti. Mwenye kutaka boriti hafyeki, anaingia na shoka anachagua mkoko mmoja ulionyooka hapa, msinzi mmoja pale, anauacha mwingine uliopinda. Majani ya jirani yanaziba pengo, NDVI inabaki pale pale 0.8, ramani inasema msitu mzima. Nilimwonyesha Mzee eneo moja ambalo kompyuta ililipa kijani cha daraja la kwanza, akasema "msitu upo ila boriti hakuna". Nikaingia ndani na utepe, nikapima mashina, kweli, mafito tu na vile vizee vilivyopinda kama mkongojo. Pwani yetu imesafirisha boriti kwenda Uarabuni kwa majahazi karne na karne, na leo unaweza kuumaliza msitu kwa namna hiyo huku juu angani kila kitu kinang'aa. Hapo hakuna dawa zaidi ya kuingia na kuhesabu. Droni inasaidia kidogo, unaona taji la mti mmoja mmoja, ila na yenyewe inaona vichwa tu haioni shina, na betri yake inaisha kabla hujamaliza kukimbizana na upepo wa kusi.

Pia sio kila nyekundu ni shoka. Kule Mwache, Mombasa, mikoko ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 98 kwa sababu mchanga uliletwa na maji ukafukia mizizi inayopumua, hakuna aliyekata. Kwenye delta nako kuna kingo zinazoliwa na bahari, miti mikubwa imelala majini na mizizi yake juu. Kompyuta ikikupa doa inakupa doa, sababu ya doa ni kazi ya miguu.

Swali la Mzee linalonisumbua mpaka leo aliniuliza tukirudi, maji yameshajaa, injini inanguruma, akainamia sikioni: "Hii karatasi itaenda kwa nani?"

Mikoko hii ni hifadhi ya serikali tangu enzi za mkoloni, na watu wanaolima ndani yake wanajua vizuri kwamba shamba lao mtu anaweza kuliita uvamizi. Mimi na kalamu yangu ya njano nilikuwa nimechora mipaka ya mashamba ya watu, pamoja na la shemeji yake, kwa usahihi wa mita 10, na faili hilo ukimtumia mtu anaweza kufika na GPS mpaka mlangoni. Sikuwa nimewaza hilo hata sekunde moja. Mpaka sasa ninachofanya, takwimu za hekta natoa, mipaka ya shamba moja moja sitoi kwa yeyote, na ramani ya kwanza kuprintiwa inabaki ofisi ya kijiji kabla ya kwenda popote. Wapo wenzangu wanaosema naharibu sayansi. Labda. Kule Gazi, Kenya, wana mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117 tu, wanauza hewa ya ukaa na hela inaingia kwenye maji na shule za kijiji, na miti inapimwa kwa watu kuingia ndani, wanakijiji wakiwemo. Pale karatasi inajulikana inaenda kwa nani. Natamani huku kwetu na sisi tufike hapo, ila hekta 117 na hekta 50,000 si mchezo mmoja.

Ile A3 ya kwanza bado ninayo, ina alama ya kidole cha tope juu ya shamba la shemeji. Mzee na mimi tunapigiana simu, huwa ananibeep mimi ndo nampigia. Wiki iliyopita nimeona kwenye picha ulimi mpya wa kijani kwenye tope la nje, haukuwepo mwaka jana, na nimeangalia siku mbili tofauti za bamvua, upo. Nikamuuliza ni mlilana au mchu, ile aina nyingine ya mkoko. Akasema hajafika huko siku nyingi, bamvua ya Jumapili ataenda, ila hawezi kukwama kwa ajili yangu mara ya pili. Mimi nasubiri. Picha ya leo imeshuka, mawingu matupu.